Nobu ya Redio Mfukoni mwa Baba

Tak. Ukizungusha nobu ya redio ya zamani kutoka mwisho wa kushoto, kabla sauti yoyote haijatoka, kuna mlio mdogo ndani yake, tak, kama kijiti kikavu cha kuwashia jiko kinapovunjwa. Wiki iliyopita niliusikia kwenye karakana yangu hapa Meru mjini, na mkono ulioshika bisibisi ukasimama hewani.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza redio za magari. Mwalimu mmoja wa huko Nkubu alikuwa ameniletea gari lake lenye skrini pana kama sinia, lisilo na kitu hata kimoja cha kuzungusha. "Fundi Kagendo, nitolee hiki kitu," akasema. "Nikitaka kupunguza sauti ni lazima niache barabara nianze kutafuta kwa kidole. Juzi nusura niue ng'ombe wa mtu!" Nilimcheka, lakini alikuwa na haki. Aliyebuni skrini ile sidhani amewahi kuendesha gari kwenye barabara ya mashimo, mvua inanyesha na mtoto analia kiti cha nyuma. Nobu mkono unaijua bila kuuliza jicho. Ina mwanzo na ina mwisho. Ina meno madogo ubavuni ili kidole chenye mafuta kisiteleze. Nilimtolea redio ya zamani kutoka kwenye rafu, nikaiunganisha na betri kuijaribu, nikazungusha, nayo ikalia tak. Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikatoka nikaketi kwenye ngazi mpaka kijana wangu wa kazi akaja kuniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nina hasira tu, hasira ya zamani, na ninyi mnaosoma mtanivumilia niitoe.

Nilizaliwa Kibirichia, juu kabisa karibu na msitu, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Tulilima viazi. Sebule yetu ilinuka mafuta ya taa na udongo wa viazi mwaka mzima, na ndani ya sebule hiyo kitu cha maana kilikuwa kimoja: redio ya baba. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, juu ya kitambaa cheupe ambacho mama alikifuma akiwa msichana kwao Laare. Ilikuwa na nobu mbili, moja ya kutafuta stesheni na moja ya sauti. Ile ya sauti ndiyo pia iliyokuwa ya kuwasha na kuzima. Kwa maneno mengine, asiye na nobu ya sauti hakuwa na redio.

Baba alilijua hilo vizuri. Kila Jumatatu alfajiri, kabla ya kupanda lori la viazi kwenda soko la Gakoromone ambako alikaa akiuza mpaka Ijumaa, aliishika ile nobu kwa vidole viwili, akaivuta, ikatoka. Akaitia kwenye mfuko wa koti pamoja na kitambulisho. Kilichobaki kwenye redio kilikuwa kijiti cha chuma, chembamba kuliko kidole cha mtoto, kilichochongwa bapa upande mmoja ili nobu isizunguke bure. Aliyebuni nobu ya kutoka kwa urahisi hivyo alitaka fundi apate kuifungua redio bila taabu. Masikini, hakuwajua wanaume wa Kibirichia.

Si baba peke yake. Wazee wote wa upande wetu waliokuwa na redio walitembea na nobu mfukoni. Walisema ni kwa sababu ya mawe ya redio, zile betri, kwamba wanawake na watoto wangeyamaliza kwa nyimbo. Jumapili moja kanisani nobu ilianguka kwenye kikapu cha sadaka pamoja na sarafu. Mchungaji akaiinua juu na kuuliza ni redio ya nani imeokoka leo. Tulicheka mpaka mama akanifinya. Lakini mwenyewe hakujitokeza, na wanaume watatu walionekana wakipapasa makoti yao.

Sisi watoto nasi tulikuwa na ujanja wetu. Kaka yangu Mutuma alikizungusha kijiti kile kwa meno, akavunja jino la mbele, na baba aliporudi alimuuliza jino limeenda wapi. Alichapwa kwa mkanda hivi kwamba Jumapili alisimama ibada nzima na kusema ni upendo wa Mungu. Mimi nilijifunza kwake. Nilitumia plaisi, ile ya baba ya kukatia waya wa ua. Shida ya plaisi ni kwamba haina adabu. Kwa nobu unaweza kupandisha sauti polepole kama unayemwamsha mtoto. Kwa plaisi ilikuwa kimya, kimya, halafu redio nzima inakupigia kelele usoni. Niliifunika kwa blanketi kwanza, ndipo nikazungusha.

Sasa niwaambie juu ya mama. Jina lake ni Nkirote, ingawa kwetu hakuna aliyemwita hivyo, kila mtu alimwita Mama Kagendo. Alitoka Laare, kwenye mashamba ya miraa, akaja kuolewa mbali, kwenye baridi na watu ambao hata Kimeru chao alisema kina mteremko tofauti na chake. Alikuwa na mama yake huko, na kaka mkubwa aliyeitwa Kaberia, na alipowataja sauti yake ilibadilika ikawa ya msichana. Kila Desemba alitupeleka kwao, na mimi nilimwona akicheka na nyanya jikoni kwa namna ambayo hakucheka kwetu hata siku moja. Mwaka ninaousema, mwezi wa sita, alipata salamu kwamba nyanya amevimba miguu. Alitaka kwenda. Baba alisema viazi kwanza.

Ikafika likizo ya Agosti. Mama alikuwa shambani tangu asubuhi na vibarua wakichimba, nami nilibaki nyumbani kuwapikia. Nilikuwa na miaka kumi. Jumanne moja, maharagwe yakiwa motoni, nilichukua plaisi na blanketi nikawasha redio nisikie nyimbo za mchana. Hazikuwa zimeanza. Yalikuwa matangazo, yale ya wagonjwa na misiba ambayo watu walipeleka stesheni kabla kila mtu hajawa na simu. Mtangazaji alisoma kwa Kimeru, taratibu, kama anayesoma orodha ya duka: "Nkirote, binti wa M'Ithinji wa Laare, aliyeolewa Kibirichia, anaombwa afike nyumbani bila kukawia. Mama yake amezidiwa na anamwita."

Nilizima. Plaisi iliniangukia mguuni na sikusikia uchungu.

Nawaambia ukweli, jambo la kwanza nililofikiria halikuwa nyanya. Lilikuwa mkanda. Nikimwambia mama, atakwenda Laare. Akienda, baba atauliza alijuaje. Nobu iko mfukoni mwake, basi nani amewasha redio? Nilikwenda mpaka mwisho wa shamba nikamwona mama ameinama kwenye mistari ya viazi, udongo mpaka magotini, akinipungia mkono niwaletee maji. Nikaenda kuwaletea maji. Nilijiambia kwamba Ijumaa baba atarudi. Gakoromone kila kibanda kina redio, haiwezekani hajasikia. Atasema mwenyewe, mama ataenda, na mimi sitakuwa nimeshika kitu.

Ijumaa baba alirudi. Alimletea mama shali la sufu, jekundu, zuri. Baba hakuwa mtu wa kuleta kitu kisicholiwa, na mama alilishika shali lile kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie. Baba akairudisha nobu mahali pake, akasikiliza taarifa ya habari, akauliza, "Imebaki mistari mingapi?"

"Kumi na minne," mama akajibu.

"Basi tukazane wiki ijayo tumalize."

Kuhusu nyanya hakusema neno. Nami nilifurahi! Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndilo lenyewe, nilifurahi. Niliamua kwamba ni Nkirote mwingine, wa M'Ithinji mwingine. Mtoto anaweza kuamini chochote kinachookoa ngozi yake. Wiki iliyofuata baba akaondoka tena na nobu, na mimi sikuigusa plaisi wala kuitazama redio.

Nilikuwa mtu mzima, baba ameshakufa, ndipo jirani yetu mmoja aliponiambia kwamba Ijumaa ile ya shali alimsimamisha baba barabarani akampa habari ya tangazo. Nikamuuliza, mbona hukumwambia mama? Akashangaa. Kwetu habari ya aina hiyo hupelekwa kwa mwenye boma, na mwenye boma ndiye anayeifikisha kwa mkewe. Jirani alifanya adabu. Watu wote walifanya adabu, kila mmoja mahali pake, na mama akaendelea kuchimba viazi.

Jumapili ya wiki hiyo ya pili, tukiwa tumetoka kanisani, Mjomba Kaberia aliingia uani. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi na macho yake mekundu. Mama alimkimbilia na mikono wazi, naye akarudi nyuma hatua moja. Sijasahau hatua hiyo.

Waliingia sebuleni. Mama alikuwa ameshaweka chai mezani kwa haraka. Mjomba hakuketi.

"Tumemzika jana," akasema. "Alikuita siku tatu, Nkirote. Tulitangaza kwa redio mgonjwa, tukatangaza tena msiba. Laare nzima imesikia. Maua wamesikia. Watu wa Timau wamekuja matangani. Wewe ulikuwa wapi?"

Mama alitoa sauti ambayo sitaiandika. Akashika ukingo wa meza. Kisha akasema, polepole, "Sikusikia. Kaberia, sikusikia."

"Redio yenu imeharibika?"

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Mama alimtazama baba. Na baba, mbele ya shemeji yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, hangeweza kusema kwamba yeye humwachia mke redio isiyo na nobu. Pengine hata hakuona kama hilo ni jambo la kusema. Alijibu, "Redio yangu haijawahi kuharibika."

Mjomba akaiendea. Ilikuwa Jumapili, nobu ilikuwa mahali pake, safi, inang'aa kwa mafuta ya vidole vya baba. Akaizungusha kidogo tu. Kwaya ikaimba, sauti tamu, haina hata mkwaruzo. Akaisikiliza kidogo kama fundi, akaizima.

"Inaongea," akasema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Nilikuwa najua. Katika chumba kile watu wawili walijua habari ya tangazo, baba na mimi, na mimi nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: baba hutoa nobu. Nilifungua mdomo. Mama akaniangalia. Mtoto yeyote aliyelelewa huku analijua jicho la mama mbele ya wageni. Jicho hilo linasema usiombe mkate, usiingilie ya wakubwa, funga mdomo. Nikaufunga.

"Haya," Mjomba akasema. "Sisi tumezika. Wewe kaa na viazi."

Akatoka. Chai yake ilibaki mezani ikafanya utando juu. Mama alimfuata mpaka njia panda akiita jina lake, na mimi nilisimama uani nikimsikia akiita, mpaka akanyamaza.

Toka siku hiyo mama hakuwa na kwao. Najua hilo linasikika kama jambo kubwa mno kwa sababu ya nobu, lakini kaulize mwanamke yeyote aliyeolewa mbali maana yake ni nini. Harusi za wapwa wake zilipita na hakuitwa. Shamba la nyanya liligawanywa na hakuna aliyemtumia salamu. Aliandika barua mbili, hakujibiwa. Alipokosana na baba, na walikosana mara nyingi, hakuwa na mahali pa kwenda kukaa hata siku mbili akatulize moyo. Mwanamke mwingine angesema narudi kwetu, na mume angeshtuka kidogo. Mama hakuweza kusema hivyo, na baba alijua kwamba hawezi. Lile shali alilifungia mbegu za viazi. Panya walilikula.

Nami nilikua nikawa fundi wa redio. Watu huniuliza mwanamke aliingiaje kazi hii, huwa nawaambia napenda nyimbo. Nimefungua redio nyingi sana. Najua kilichomo chini ya nobu, ile pete nyeusi ndani na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Nimewaeleza wateja kwa nini sauti hukwaruza vumbi likiingia. Ila lile jambo langu sikumweleza mtu.

Mwaka jana, asubuhi moja, nikijaribu redio ya mteja, nilisikia msiba wa Mjomba Kaberia ukitangazwa. Nilifunga duka saa ile ile, nikaendesha mpaka Kibirichia, nikamwambia mama kabla sijazima gari. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini siku ya mazishi alivaa haraka kama msichana. Nikampeleka Laare.

Walitupa viti vya nyuma, pamoja na majirani. Vijana wa kamati hawakumjua. Waligawa kile kijitabu cha mazishi chenye picha na historia ya marehemu, na mama akanipa nimsomee. Niliposoma orodha ya ndugu wa marehemu jina lake halikuwemo. Nikairuka orodha, nikasoma juu ya kanisa na shule. "Soma ndugu zake," akasema. Nikasoma. Akaitikia kwa kichwa kila jina, na orodha ilipokwisha akangoja kidogo, kisha akanyoosha mkono akakichukua kijitabu akakikunja.

Tukirudi, tulipopita Kianjai, nilishindwa. Nilisimamisha gari kando ya barabara.

"Mama, ile Jumanne mimi nilisikia tangazo. Niliwasha redio kwa plaisi. Nilijua nyanya anakuita."

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Siku Kaberia alikuja. Ulianza kulia kabla hajasema nani amekufa."

Malori ya mchanga yalipita mawili. Sikujua nishike nini, nikashika usukani.

"Sasa mbona uliniangalia vile ninyamaze?"

Aligeuka akanitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Unyamaze? Nani alikwambia unyamaze, Kagendo? Nilikuangalia useme."

Niliachia usukani, nikamgeukia.

"Mimi ningesema nini?" akaendelea. "Nimwaibishe bwanangu mbele ya ndugu yangu, halafu nilale wapi? Mama mzazi amekwenda, na nyumba nayo iende? Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto akisema, ni mtoto tu amesema. Kaberia angejua, angekunywa chai. Nilikuona umefungua mdomo. Nikashukuru Mungu. Halafu nikakuona unaufunga." Akavuta kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. "Baba yako angekuchapa, basi."

Tulikaa hapo mpaka polisi mmoja wa trafiki akaja kutuuliza kama gari limeharibika.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemkasirikia baba, na bado ninamkasirikia. Nilikuwa nimejionea huruma pia, mtoto wa miaka kumi aliyenyamazishwa na jicho la mama yake. Huruma hiyo sina tena, mama aliimaliza kwa sentensi moja kando ya barabara. Sikunyamazishwa. Niliombwa, na nikajifanya sijaelewa, kwa sababu nilikuwa nasikia mkanda mgongoni hata kabla haujanifika.

Ningechapwa, ndiyo. Labda mara kumi, labda zaidi, na ningelala kifudifudi siku mbili. Siku ya tatu ningerudi shambani kuokota viazi na wenzangu, na mama yangu angekuwa na kwao mpaka leo.